Kiingiacho na Kitokacho

Magoti yangu yalistaafu kabla yangu,
ndiyo maana siingii tena chini ya gari
kulala chali juu ya gunia
huku fundi Mihayo akiniambia, "Mama Kalunde, toka, utachafuka,"
kana kwamba miaka thelathini na miwili ya wodi ya wazazi Kitete
niliitumia kudarizi vitambaa.

Mashine ilikuja kwa treni, ndani ya boksi la biskuti.
Mkwe wangu kaifunga kamba kama mbuzi wa mahari:
dumu lenye shingo, mpini wa pampu, mrija mwembamba.
Majirani wa Isevya wakauliza, "Ni ya kupulizia tumbaku?"
Nikawaambia hii ni ya kunyonya.
Wakanyamaza kwa adabu.

Kazi yenyewe naijua, mgonjwa tu ndiye mgeni.
Kwanza unampasha. Injini iungurume dakika tano,
maana oili baridi ni kiziwi, haisikii pampu.
Unazima. Unachomoa kijiti cha kupimia,
unakifuta kwa kipande cha kanga kilichobaki na neno moja: MAJIRANI.
Mrija unaupima nje kabla ya kuuingiza ndani,
kama tulivyopima pua hadi sikio, sikio hadi tumbo,
kwa mtoto aliyeshindwa kunyonya.
Unausukuma polepole. Ukigusa chini, mkono unajua.
Husukumi tena.

Halafu pampu. Kumi. Kumi na tano.
Mrija ukawa mweusi ghafla,
na weusi ukapanda, ukajipinda, ukaangukia dumuni
kwa sauti ya mtu anayekunywa uji wa moto.
Nilivuta kigoda nikabangua karanga.
Kumbe hata kukaa ni ufundi.

Mihayo akavuka barabara, spana mfuko wa nyuma.
"Mama, hiyo inalamba juu tu. Uchafu wenyewe umelala chini.
Oili hutoka kwa bolti, tangu dunia iumbwe."
"Dunia iliumbwa na bolti namba kumi na nne?"
"Hii yako ni kumi na saba. Na sijui nani kaikaza hivi."
Alijua.

Mrija ukakohoa, ukavuta hewa.
Nilisoma mstari wa dumu: lita tatu na robo.
Filta nayo niliipa haki yake: nusu kikombe.
Nikafungua daftari, miezi sita nyuma, mwandiko wangu:
*Imeingia lita nne. Katia Mihayo. Kalipwa.*

"Si nilisema?" Akatambaa chini
kwa furaha ya mtoto aliyeokota sarafu.
Bolti ikagoma, ikalia, ikatii.
Tukangoja.
Likatoka tone. Likafuata jingine, limechoka.
Ukijumlisha yote, kijiko cha dawa ya kikohozi.

Miguu yake ilibaki nje, imetulia, soli zikiniangalia.
"Labda inakula," ikasema sauti. "Gari za umri huu hula."
"Labda."
Nikazunguka nyuma, nikaingiza kidole kwenye bomba la moshi.
Kilitoka na vumbi la kijivu, kikavu kama majivu ya jana.
Wodini tulifundishwa:
kiingiacho na kitokacho vikiachana,
usigombane na chati.
Nilifuta kidole kwenye MAJIRANI. Sikusema kitu.

"Funga bolti," nikamwambia,
"kwa mkono wa mtu anayejua ipo siku itafunguliwa."

Oili mpya ina rangi ya asali ya miombo
kabla nyuki hawajasamehe.
Nilimpa ashike faneli. Aliishika kwa mikono miwili.
Galoni lilipokauka nikampa kijiti cha kupimia.
"Soma."
"Imejaa, Mama."
"Sijauliza kama imejaa. Nimesema soma."
Akasoma, mstari hadi mstari, kwa sauti,
mpaka muuza mkaa akageuka.

Ile nyeusi akaiomba, apake nguzo za banda lake, mchwa wamezidi.
Nikampa yote. Dumu arudishe.

Usiku niliandika:
*Imetoka tatu na robo, na kijiko, na nusu kikombe.
Imeingia nne.
Shahidi: Mihayo.*