Sensa Inayosikia Baridi

Karina ya mwaka tisini na nne,
niliyorithi kwa mjomba pamoja na deni la matairi.
Asubuhi huwaka kwa mguso mmoja wa funguo.
Adhuhuri, jua la Arua likikaa utosini,
hukohoa, hutema moshi mweusi,
hunuka petroli kama shati la mlangua mafuta,
kisha huzima mbele ya soko
na mimi ndani.

Fundi wa kwanza alibadili plagi.
Wa pili aliniuzia pampu, akaapa kwa mamaye.
Wa tatu: dada, uza.

Ezati hakusema kitu.
Alinusa bomba la moshi,
akaikwangua plagi kwa ukucha:
nyeusi, kavu, masizi ya chungu.
"Inalishwa kupita kiasi. Nani anaipakulia?"

Akafungua kidude cha shaba, kidogo kuliko kidole gumba.
"Sensa," akasema.
Nikacheka. Sensa ninayoijua mimi
ni kijana wa serikali aliyeniuliza nina kuku wangapi.
"Na hii inauliza. Swali moja tu:
maji yana joto gani?"

Akaagiza kwa Hajati Mastura kikombe cha chai
kisicho na majani wala sukari.
"Maji matupu?"
"Yachemke."

Akaizamisha ncha ya shaba,
akagusisha nyaya za mita.
Mvuke ulipanda. Namba hazikutikisika:
elfu mbili na mia tano.
"Zingeshuka hadi mia tatu.
Hii imo ndani ya maji ya moto
na bado inaripoti theluji ya Rwenzori.
Injini nayo, mtiifu, inaongeza petroli,
inaongeza,
mpaka inajisonga."

Mimi ni muuguzi.
Tuliwahi kuwa na kipimajoto
kilichosema thelathini na sita kwa kila mtoto.
Siku mbili tulikiandika daftarini.
Siku ya tatu nilimwekea Ayikoru kiganja pajini
na kiganja kikaruka chenyewe.

Sikumwambia Ezati.
Nilimwangalia akileta sensa nyingine,
ya gari lililopinduka njia ya Koboko,
akiijaribu kwanza kikombeni. Maji yalikuwa yamepoa kidogo,
lakini namba ziliporomoka
kama watoto waliosikia kengele.

Karina ikawaka, saa saba mchana,
bila moshi.
Akanidai elfu arobaini
na bei ya kikombe,
maana Hajati alikataa katakata kukipokea.