Mashine ya Nne

Niliingia kwa sababu ya baridi, sitasema uongo.
Februari mjini Łódź haina adabu:
inakupekua mifuko, inakushika masikio,
na mlango ule wa chuma ulikuwa wazi kidogo,
ukivujisha mwanga na harufu ya supu ya bitiruti.

Kilikuwa kiwanda cha nguo, zamani.
Sasa kuna viti thelathini vya kukunja,
watu kumi na tisa (niliwahesabu),
na meza, na juu ya meza sanduku
lenye matundu mengi kuliko chekecheke,
nyaya za rangi zote zikining'inia
kama matumbo ya zulia lililopasuliwa.

"Subirini," akasema Bogumiła Wrzosek,
fundi wa televisheni, mstaafu.
"Bado hajapata joto. Akiwa baridi
anaimba puani, na noti zinamteleza."
Tukasubiri. Dakika ishirini tulisubiri chombo kiamke,
kama wageni waliofika kabla wali haujaiva.

Kisha akachomeka waya.
Kimya.
Akachomoa, akachomeka kwingine.
Kimya.
Kijana mwenye kamera akakohoa.
Akalipiga sanduku kofi moja la ubavuni,
lile la mama kwa mtoto anayejifanya hajasikia,
na sauti ikatoka.

Sijui niiite nini. Si zumari, si garimoshi.
Labda nyuki aliyefungiwa ndani ya birika.
Akazungusha kitufe: nyuki akawa ng'ombe.
Akampitisha ng'ombe kwenye chujio, polepole,
ukali ukabaki juu kama machicha,
tui zito likashuka, likatambaa chini ya viti,
likanipanda miguuni kupitia soli za viatu.

"Hili wimbi la mraba," akaeleza. "Hili la msumeno.
La msumeno lina meno, msilisogelee."
Alieleza vibaya, kwa kweli. Alisahau maneno,
akaita vitu "huyu" na "yule mkorofi",
akatuonyesha swichi aliyoing'oa
kwenye mashine ya kufulia ya jirani yake marehemu;
bado hubofya vilevile, alisema,
kama imefika kwenye kukamua.

Mbele kabisa alikaa mama yake, Leokadia,
miaka tisini na moja, kofia ya sufu,
kiziwi.
Miaka thelathini na mitatu alifuma humu humu,
ghorofa hii hii, mitambo mia mbili
ikigonga kwa pamoja, mpaka masikio
yakasema basi, yakafunga duka.
Kiganja alikibandika kwenye spika
kama anayepima homa.

Bogumiła akaanza kupiga kweli.
Mdundo mmoja, wa pili ukiupisha wa kwanza,
wa tatu ukipenya katikati, mtande na mshindio,
kisha akaishusha besi, akaishusha tena,
chini ya pale sikio la mtu linapokoma,
tukabaki kutazama vikombe vikitetemeka.

Hapo ajuza akainua kidole.
"Uzi umekatika," akasema, kwa sauti kubwa
ya mtu asiyejisikia.
"Mashine ya nne."

Watu wakacheka, kile kicheko cha huruma.
Binti hakucheka. Aliinamia safu ya nne,
akapapasa mle nyaya zilimosongamana,
akaikuta moja, ya manjano, imelegea tunduni.
Akaisukuma kwa kidole gumba.
Ghorofa nzima ikakaa sawa.

Mwishoni kijana wa kamera akauliza bei.
"Hauzwi," akasema fundi.
Kisha, akifuta miwani: "Kwani una ngapi?"

Sikungoja jibu, nilikuwa na basi la kuwahi.
Nikiwa mlangoni niligeuka mara moja.
Leokadia alikuwa anakunja nyaya,
kiwiko na kidole gumba, kiwiko na kidole gumba,
akilalamika, bila kumwambia mtu,
kwamba hizi nyekundu ni fupi mno,
na nani huyo aliyezikata.