Madhumuni ya Safari

Mwanatumu kafungua simu, kaketi karibu yangu:
"Baba, chagua mji. Mmoja tu.
Kiinua mgongo chako hakitoshi miwili."
Ananionyesha mnara wa chuma, ananionyesha saa kubwa,
mifereji, na nyumba nyembamba
zilizobanana kama vitabu kabatini.
Mishi anachambua mchicha, hajainua kichwa.
"Uliza kama wana ngazi," asema.

Mimi miji hiyo naijua kwa mbavu zake.
Miaka thelathini na moja, kalamu sikioni,
navuka kutoka Mtongwe alfajiri
kwenda kuisoma Kilindini, kontena baada ya kontena,
kabla jua halijalitia bati moto.
Antiwepu ilituletea magari yaliyochoka,
redio zao zingali zimeshika stesheni za kwao.
Jenowa, vigae; kimoja lazima kimevunjika.
Hambagi, mashine zenye harufu ya grisi na baridi.
Rotadamu, Nyamawi wa winchi hakuipenda kabisa:
"Mji gani huu umebeba damu jinani?"
Nikamweleza ni mto tu, mto uliozuiliwa.
Akacheka. Hakusadiki.

Ndivyo nilivyoijua Ulaya:
kwa kilichopungua, kwa kilichopasuka,
na sahihi yangu chini.

Siku moja, chini ya kiti cha gari la Antiwepu,
nikaokota glovu ya mtoto,
ya sufu, nyekundu, ya mkono wa kushoto.
Niiandike wapi? Fomu haikuwa na safu yake.
Nikaitia mfukoni, Februari ile, jasho likinitiririka.
Mishi akakivisha kishikio cha kifuniko cha birika,
ikatumika mpaka ikaungua kidole gumba.

"Basi Antiwepu?" Mwanatumu auliza.
Nusura niseme ndiyo.

Lakini kuna na vilivyotoka.
Magunia ya kahawa kutoka bara, kilo sitini sitini,
yakinuka nyasi mbichi,
na chapa ya wino mweusi: TRIESTE.
Gatini tuliita Tiriyeste, kama jina la shangazi wa mtu.
Likitoboka moja, punje zikimwagika,
tulizizoa kwa mikono, tukazirudisha, tukashona.
Hakuna aliyeonja.
Ile tunywayo barazani, kwa tangawizi, ni nyingine;
ile nzuri ilipita mbele yangu
miaka thelathini na moja,
nami nikiihesabu.

Mwanatumu anautafuta mji, anakunja uso.
"Baba, huku hakuna mnara.
Hakuna mtu aanzaye na huku."
"Ngazi?" Mishi.
"Kuna kilima. Na upepo, mama, upepo mkali,
zamani walifunga kamba njiani watu washike."
"Kamba nazijua," nasema.

Kidole chake kinashuka kwenye fomu ya viza,
kinasimama. Madhumuni ya safari.
Utalii? Matibabu? Kuzuru jamaa?
Nje jirani anagonga msumari, anaacha, anagonga tena.
Nafikiria kikombe kidogo, meza kando ya dirisha,
na mimi, bila kalamu,
nikinywa kile nilichokitia sahihi.

"Andika," namwambia,
"nakwenda kuhakiki mzigo."

Mishi anakung'uta majani mapajani,
anainua kichwa mara ya kwanza tangu asubuhi.
"Andika wawili."