Andika Ipi?

Hojaji ina maswali ishirini na nne,
yamechapwa Nairobi, yakafikiriwa mbali zaidi,
nami nalipwa kwa kila karatasi iliyojaa:
shilingi mia na hamsini, chai juu yangu.

Nimekaa chumba cha kufulia cha hoteli moja ya Malindi,
nyuma kabisa, ambako mgeni hafiki.
Pasi zinapumua. Mashuka yanaingia na mchanga wao.
Redio inatangaza vifo vya Ganda na Msabaha.

Swali la saba namsomea Nyevu, msimamizi wa zamu:
Kwa uzoefu wako, ni mara ngapi
wafanyakazi huogopa kumpinga mkubwa wao?
Moja ni kamwe. Tano ni kila mara.

Nyevu akakunja foronya, akakunja nyingine.
"Mkubwa yupi?
Sinyora wa ofisini nampinga kwa mdomo,
kwa Kiitaliano changu cha kuokoteza, naye hucheka.
Mama mkwe, kule Kakoneni, simpingi hata kwa kukohoa.
Na huyu binti wa mapokezi niliyemfunza kazi mwenyewe,
sasa ana koti na beji,
huyo nampinga kwa kuchelewesha taulo.
Andika ipi?"

Karatasi haikuwa na nafasi ya taulo.
"Chagua namba moja tu, dada."
"Basi tatu."

Tatu, akasema Shebwana wa bustani:
tano ni majigambo, moja ni utovu wa adabu,
aliyelelewa husimama mlangoni
mpaka akaribishwe.
Tatu, akasema Akeyo wa jikoni,
kwa sababu wali ulikuwa unashika ukoko.
Tatu, akasema Mwaringa mlinzi,
kisha akanivuta kando:
"Hiyo karatasi, mkubwa ataisoma?"
Nikamwambia la, ni siri.
"Basi iache hiyo hiyo tatu."

Usiku naziingiza kwenye kompyuta.
Safu ya kwanza inaitwa NCHI.
Napiga: Kenya. Nyevu, Kenya.
Shebwana, ambaye babake aliletwa mtoto kutoka Faza, Kenya.
Akeyo, anayeitwa mgeni mwaka wa kumi na tisa sasa, Kenya.
Mwaringa, Kenya, Kenya, Kenya, hadi chini.
Halafu wastani. Halafu nukta na tarakimu mbili.

Namba hiyo itasafiri kuliko sisi sote.
Itafika darasa la mameneja, penye kiyoyozi na maji ya chupa,
mtu ataambiwa: wale ni watu wa sitini na nne.
Atashuka hapa ameishika kama ufunguo wa chumba,
aijaribu kwa Nyevu,
aone mlango haufunguki,
adhani kitasa ndicho kibovu.

Profesa akapiga simu.
"Mbona tatu ni nyingi hivi? Hukuwaeleza vizuri?"
Maneno nilikuwa nayo.
Nilitaka kumwambia: mkubwa yupi?
Nilitaka kumwambia neno lenyewe, kupinga,
kwetu ni la gogo lililolala njiani;
mtu humpingi, unamzunguka.
Nilitaka kumwambia habari za taulo.

"Sawa, Profesa," nikasema. "Nitarudia kesho."

Kesho ikafika, na ujumbe wake alfajiri:
Data iko wapi?

Nikausoma. Nikaiweka simu kifudifudi.
Nikakunja shuka langu,
pembe kwa pembe,
taratibu,
nikakunja na foronya.