Kina cha Ziwa

Mimi kazi yangu ni koma.
Nazitia zilikosahauliwa, nazing'oa zilikozidi,
usiku, hapa Narva, mto mweusi chini ya dirisha
na ng'ambo yake nchi nyingine imewasha taa.
Lugha yenyewe si ya mama, niliipata shuleni,
ndiyo maana naingia kwa mlango mdogo.
Hanilipi mtu. Mama husema:
ungefuma soksi, tungeziona.

Ndivyo nilivyoukuta ugomvi wa Helgi na Endel
nyuma ya ukurasa, pale wahariri wanapoteta,
juu ya ziwa la kusini, dogo kiasi kwamba
ukilizunguka kwa miguu unakuta chai yako haijapoa.

Helgi huoka mikate Valga. Huandika saa tisa za usiku
unga ukiumuka, na herufi zake nyingine hujirudia;
nadhani ni vidole vyenye kinyunya.
"Mita kumi na nne. Kitabu cha mwaka 1934, ukurasa wa 88."
Endel alikuwa fundi wa matrekta. Sasa ana mgongo, na muda.
"Kumi na saba. Baba yangu alizamisha nanga pale."
"Baba yako si rejeo."
"Na kitabu chako hakijawahi kulowa."

Siku kumi na moja. Anaandika huyu, anafuta yule,
kumi na nne asubuhi, kumi na saba jioni,
ziwa likipanda na kushuka kama kifua cha mgonjwa,
nami katikati nikinyoosha koma zao.
Niliwaandikia mara moja tu: jamani, watoto wanasoma hapa.
Wakanijibu wote wawili ndani ya dakika moja,
kwa adabu kali:
Taisia, endelea na koma.

Februari, barafu ilipokomaa,
Endel alibeba keekee, kamba yenye fundo kila mita
na kipande cha chuma cha trekta kuwa uzito.
Alitoboa mashimo tisa. Alipiga picha kila fundo.
Kumi na tano na nusu.
Wamekosea wote wawili, na akaliandika hilo mwenyewe,
jambo ambalo kwa miaka yangu sita
sijaona mtu mzima akilifanya.

Helgi alinyamaza siku mbili.
Kisha: "Nakuamini. Lakini haiwezi kuingia.
Tunaandika yaliyochapishwa. Hatuandiki tuliyoyaona."
Nikangoja matusi.
Endel aliuliza tu: "Nani achapishe?"

Gazeti la wilaya likatuma kijana.
Habari ikatoka Alhamisi, chini ya tangazo la mbolea:
Endel anatabasamu, kamba shingoni,
na kwa herufi nzito, wazi kabisa,
mita hamsini na moja na nusu.

Sasa rejeo tulikuwa nalo.
Lilitimiza masharti yote, ila ukweli.

Saa tisa usiku niliona wote wawili wako macho.
Muda mrefu hakuna aliyeandika.
Halafu Helgi akacheka, herufi ishirini na mbili, nilizihesabu,
na Endel: "Hapo mzee angeifuata nanga yake."

Walichokubaliana kipo hadi leo:
*Vyanzo vinatofautiana kuhusu kina chake.*
Helgi aliitunga, Endel akaipitisha.
Mimi sikupata pa kutia mkono.

Machi, kabla barafu haijaoza,
picha mpya iliongezwa bila jina la mpigaji:
shimo jeusi, kamba ikizama ndani,
vivuli viwili virefu, na juu ya kitambaa
mkate mweusi uliokatwa.

Nilimwita mama aone.
Akauliza hao ni akina nani. Nikasema sijui,
nafanya nao kazi.
Akavaa miwani, akainama karibu na kioo,
ziwa hakulitazama.
"Huo mkate," akasema, "umekatwa ungali moto.
Mtu ametoka nao moja kwa moja kwenye tanuri."