Jicho la Kulia

Kirumba walisema: labda Igogo.
Igogo walisema: jaribu Nyakato, dada.
Nyakato simu ya kaunta ililia weee
na afande akaendelea kumenya chungwa.

Siku ya tatu, kituo cha nne.
Kitabu kimechoka kuliko mimi;
kidole kinashuka, kinashuka, kinasimama.
"Lugembe hayumo. Yupo Rugembe.
Wa baiskeli."

Mdogo wangu hana baiskeli.
Lakini herufi moja ni nini
kwetu sisi ambao R haijawahi kutupigia hodi?

"Naweza kumwona?" "Mpelelezi hayupo."
"Hata sauti yake?" "Chakula tu. Onja kwanza."
Nikaonja mbele ya bunduki ugali wangu mwenyewe,
nikaonja sato niliyemkopa mwaloni,
na mchuzi, maana afande alinyoosha kidole: na huo pia.

Nikakaa juu ya jiwe. Ziwa likameta huko chini
kama ndugu asiyetaka kuombwa nauli.

Saa tisa bakuli likarudi,
kitambaa kimefungwa fundo lisilo langu.
Nikafungua. Miba imepangwa ukingoni,
mirefu kwa mifupi, kama wanafunzi mstarini,
na katikati, zima,
jicho moja la samaki.

Utotoni Igombe tuligawana kichwa:
jicho la kushoto lake,
la kulia ananiachia, hata akiwa amenuna,
hata siku ile nilipomsingizia kuvunja mtungi.

Nililitafuna palepale, taratibu.
Kisha nikarudi kaunta.
"Afande," nikasema, "futa hiyo R."