Kilo Moja na Robo

Kwa kanuni yangu upanga ulikuwa na uzito wa kilo saba.
Niliandika hivyo kwa penseli, kwa madaha,
Ijumaa, jikoni kwa bibi yangu Roswitha, Solingen,
mvua ikipiga bati la dirisha,
na Detlef, ambaye usiku ule alikuwa zimwi lenye pembe moja,
akitikisa dadu kiganjani kama mtu aliyekamata panzi.

"Saba?" Bibi akauliza kutoka kwenye sinki.
Akajifuta mikono. Akatoka.
Tulisikia kabati la ukumbini likilalamika,
kisha akarudi na kitu kimeviringishwa shuka kuukuu.

Si upanga, alisema. Ni kisu.
Kirefu kama mguu wa mtoto, lakini kisu:
tazameni mpini, vibao viwili vimebana msuka,
misumari mitatu, sawa na kile nilichomenyea viazi leo.
Zamani wafua panga walikuwa na chama chao na wivu wao,
basi wafua visu wakarefusha, wakarefusha,
na mkulima akapita langoni na kisu chake,
halali, kikimgonga goti.

Akakilaza kwenye mizani ya unga.
Sindano ikayumba, ikatulia.
Kilo moja na robo.
Anneke akacheka peke yake, akanyamaza.

Na huu mfereji mgongoni?
"Wa damu," Detlef akasema upesi, bado zimwi.
Wa wepesi, mwanangu. Damu haihitaji kuchimbiwa njia.

Hakutuambia habari za babake. Nazijua mimi:
miaka thelathini ameinamia jiwe linalozunguka,
vumbi likimwingia punje kwa punje
hadi kifua chake kikawa na mlio wa tupa.
Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, wanasema.
Aliyekinoa alikula uji, kwa kijiko, akishikiwa kichwa.

Nilifuta saba. Karatasi ikatoboka.
Nikaandika pembeni, kwa mwandiko wa kubanana:
kila pigo, makali hupungua moja.
Kuyarudisha, keti. Tafuta jiwe na maji.
Zamu yako ipite wenzako wakipigana.

Detlef alinung'unika kwamba zimwi halina subira hiyo.
Tukacheza hata hivyo, hadi saa saba usiku,
na pangoni, mbele ya mlango wa joka,
mashujaa watatu waliketi chini wakinoa,
wakisikilizana.

Asubuhi Bibi alikuta dadu moja chini ya jiko.
Akaiweka kwenye mizani, kwa mazoea tu.
Sindano haikusogea.